Orodha ya "BADO" imevunja kundi letu. Nilifunge?

Mjomba shikamoo,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga mjini, nina duka la dawa. Ni admini wa kundi la WhatsApp la watu tuliosoma sekondari moja huku kwetu, miaka ile ya mwisho wa tisini na mwanzo wa elfu mbili. Tulianza wachache, kila mtu akamvuta mwenzake, tukapita mia mbili na hamsini. Wengi wapo hapa na Dar es Salaam, wengine Mwanza na Arusha, kuna walioko Muscat, na wawili watatu wako Minnesota, Marekani. Mwanzoni lilikuwa kundi la raha: picha za zamani, nani kaoa, nani kajifungua, Simba na Yanga asubuhi mpaka usiku. Baadaye tukaanza kushikana mkono kwenye misiba na maradhi, na hapo ndipo watu walipolipenda kweli. Kuna mwenzetu alifanyiwa upasuaji kwa michango ya kundi hili.

Hivi karibuni mmoja wetu alifiwa na mama yake, maziko yakawa Muheza. Tukakubaliana kila mtu atoe kuanzia elfu kumi, hela zipitie kwa mhazini. Mhazini ni rafiki yangu tangu kidato cha kwanza, tulilala bweni moja, na ndiye aliyekuwa mpambe wangu siku ya harusi. Kila jioni akawa anaweka orodha kama kawaida: namba, jina, kiasi, tiki ya kijani. Maziko yalipopita akaweka orodha nyingine. Juu kaandika BADO kwa herufi kubwa, chini majina ya watu kama arobaini, mwisho kamalizia: "Tukumbuke kuna leo na kesho jamani."

Kati ya majina hayo alikuwemo kaka mmoja aliyeko Muscat. Kumbe yeye alishamtumia mfiwa moja kwa moja, tena nyingi kuliko sisi wote. Ilikuwa usiku, saa tano imepita. Akatuma voisi ya dakika tatu. Kwamba mhazini anakula rambirambi, kwamba hesabu ya msiba uliotangulia huu haijatoka mpaka leo, na matusi ya nguoni ambayo siwezi kukuandikia. Rafiki yangu naye hakulala. Akaenda kuchimbua inboksi, akatoa skrinshoti ya zamani ambapo yule kaka alimwomba amkopeshe laki mbili amalizie kodi ya nyumba ya mama yake, akaibandika kundini na maneno haya: "Tajiri wenu wa Muscat huyo."

Basi tena. Wengine stika za kucheka, wengine wakaleta habari za watu wa bara na watu wa pwani, mwingine akawageukia wa Minnesota kwamba wao kazi yao kusoma tu. Niliamka alfajiri nikakuta jumbe zaidi ya mia nne.

Nilimtoa yule kaka kwa sababu ya matusi. Nikafunga kundi, maadmini tu ndio tuandike, nami nikaandika sheria kumi na tisa: hakuna siasa, hakuna dini, hakuna Simba na Yanga, hakuna kufowadi, na kadhalika. Nilipofungua, kimya. Siku hizi ukisikia simu inalia ni tangazo la msiba au mtu anauza vitenge. Zaidi ya sitini wamejitoa na wamefungua grupu lao. Huko naambiwa wananiita Mheshimiwa Rais. Mume wangu anasema nimeolewa na simu. Na shemeji yangu ananitisha kwamba admini ndiye anayekamatwa kwa yanayoandikwa na wengine.

Nisaidie Mjomba. Nilifunge kabisa? Yule kaka nimrudishe? Na nifanyeje yasitokee tena?

Admini Aliyechoka, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Kabla hatujafika kwenye kundi, mpigie simu mfiwa. Katika barua yako yote umemtaja mwanzo mara moja, halafu akapotea. Mtu huyu kamzika mama yake Muheza, hata arobaini sidhani kama imefika, na simu yake ndiyo iliyokuwa inalia usiku ule ule mlipokuwa mnatukanana kwa sababu ya rambirambi za mama yake. Zile jumbe mia nne amezisoma. Yeye pia ndiye anayejua nani kamtumia nini moja kwa moja, na sitashangaa kama anajiona yeye ndiye aliyewagombanisha. Mpigie leo, usimwandikie. Mwambie kundi linamwomba radhi, na usimweleze nani alianza.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Wewe unauanzia kwenye voisi ya saa tano usiku. Mimi nauanzia kwenye lile neno BADO.

Fikiria msiba wa nyumbani. Pale nje panakaa mtu mwenye meza na daftari. Ukifika unatoa ulichonacho, jina lako linaandikwa, unaenda kukaa jamvini. Daftari likijaa linakwenda kwa wenye msiba na wazee wawili watatu wa kamati. Hujapata kuona mtu akisimama katikati ya waombolezaji akasoma majina ya wasiotoa. Angefanya hivyo wangemkalisha chini, na pengine wangemwuliza kama ana akili timamu. Anayetoa elfu mbili na anayetoa laki mbili wanakula wali uleule, na asiyetoa naye anakula, kwa sababu huenda ndiye aliyechimba kaburi. Ninyi mmelichukua lile daftari mkaliweka kwenye kipaza sauti.

Wala sisemi rafiki yako ana roho mbaya. Makundi karibu yote yanafanya hivi, na kila mhazini anaamini orodha inawahimiza watu. Kweli inawahimiza wale waliosahau. Ila katika majina arobaini kuna aliyesahau, kuna aliyepeleka mkono kwa mkono, kuna aliyefukuzwa kazi na hajamwambia mtu, kuna ambaye msiba wake mwenyewe mlichanga kidogo akanyamaza nalo. Wote hao wamewekwa chini ya neno moja, mbele ya watu waliosoma nao, na watu waliosoma pamoja ndio wanaoumizana zaidi kwa habari za nani kafanikiwa. Yule wa Muscat alikuwa ametoa kuliko wote. Ungekuwa wewe, ungelala?

Kwa hiyo kuanzia sasa hakuna orodha ya BADO. Hata ile ya waliotoa, mimi ningeondoa viwango. Weka majina bila kiasi, chini uweke jumla kuu, na kila aliyetoa apate ujumbe wake pembeni kwamba hela yake imefika na ni kiasi gani. Viwango vyote wavione watatu: mhazini, wewe, na mtu mwingine ambaye si rafiki yenu. Anayetaka kukumbushwa akumbushwe inboksi, mara moja, kwa lugha ya kumwachia nafasi: "Kama ulishapeleka kwa njia nyingine, tufahamishe tukuandike." Sentensi hiyo ingetumwa Muscat siku ile, leo usingekuwa unaniandikia.

Kuna jambo lingine umelipita haraka. Yule kaka alisema hesabu ya msiba uliotangulia haijatoka, nawe umeliweka fungu moja na matusi ya nguoni. Matusi ni matusi. Hilo la hesabu ni swali, hata kama limekuja na uchafu. Je, hesabu ilitoka? Barua yako haisemi, na ukimya wako unanipa mashaka. Kama haikutoka, basi hao sitini waliojitoa huenda hawakukimbia udikteta wako. Walikuwa na swali hilohilo wakaona aliyeliuliza kafukuzwa.

Na hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu ndipo palipokwama. Watu wawili walikosa usiku ule. Mmoja umemtoa. Wa pili hujasema umemfanya nini, na nadhani hujamfanya kitu, kwa sababu ni mpambe wako. Watu mia mbili na hamsini wameliona hilo. Sheria kumi na tisa zilizokuja baadaye zilisomwa na watu ambao tayari wameshaona sheria inamshika nani na inamwacha nani.

Mimi nikiulizwa ni kosa lipi kubwa, nitasema skrinshoti. Matusi yanaudhi, lakini mtukanaji anajivua nguo mwenyewe. Skrinshoti ilimvua mwenzake. Yule kaka alikwenda kwa rafiki kwa siri, na shida ya kodi ya mama yake, miaka nenda, akaaminiwa. Leo shida ile imegeuzwa kichekesho, na mama mwenyewe yupo mjini hapo hapo na majirani zake. Nchi hii tunajua jinsi kutangaziwa deni kunavyouma. Wakopeshaji wa mtandaoni walilalamikiwa sana kwa tabia ya kuwatumia ujumbe ndugu na marafiki wa mdaiwa ili aone haya, na mwaka 2024 Benki Kuu ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Mkopeshaji wa mtandaoni hakujui. Rafiki yako alikuwa anajua.

Basi wapigie wote wawili, kwa sauti, kila mmoja peke yake. Usifanye mazungumzo haya kwa kuandika, kwa sababu utakachoandika kitakuwa skrinshoti ya kesho. Kwa kaka wa Muscat anza na kosa la kundi, halafu lake: "Kaka, jina lako halikustahili kuwa pale, na siri yako haikustahili kutolewa. Hilo tunakuomba radhi, nami nitaliandika kundini. Lakini matusi yale yalisikika na mfiwa na wake za watu, na hilo nawe utaliombea radhi." Halafu nyamaza. Mwache aseme ya moyoni mwake yote, hata yakiwa marefu kuliko ile voisi. Watu wengi wanaotukana saa tano usiku, mchana ukiwapigia wanaanza na "samahani dada". Akikubali, mrudishe. Akikataa, mwambie mlango uko wazi, umalize hapo.

Sasa usiku wenyewe, maana utarudi. Watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell walifanya jaribio lililochapishwa 2017. Waliwapa watu mtihani, wengine mwepesi na wengine mgumu wa kuwakasirisha, kisha wakawaambia watoe maoni chini ya habari. Baadhi walikuta maoni ya kistaarabu yametangulia, baadhi wakakuta ya ufedhuli. Waliotoka kwenye mtihani mgumu wakakuta na ufedhuli, uwezekano wa wao kuandika ufedhuli ulikuwa karibu mara mbili ya wale wa mtihani mwepesi waliokuta maoni ya kistaarabu. Walipochunguza pia maoni ya wasomaji wa CNN, wakaona usiku wa manane mambo huharibika zaidi. Maana yake kwako ni kwamba kwenye kundi lako hakuna "wakorofi" wa kuwindwa. Kuna watu wa kawaida waliochoka, na anayefuata anaandika kwa kumwiga aliyetangulia. Ile voisi isingezaa jumbe mia nne kama ingeondolewa baada ya majibu matatu ya kwanza.

Lakini wewe ulikuwa umelala, na ni haki yako kulala. Ndiyo maana huwezi kuwa admini peke yako. Una watu Minnesota: Tanga ikiwa saa sita usiku, kwao ni saa tisa au saa kumi alasiri kulingana na majira. Hao mnaowasema wanasoma tu, mpe mmoja wao uadmini, mwenye kichwa kilichotulia. Mwongeze na mtu wa Dar ambaye hana urafiki wa karibu na wewe wala na mhazini, ikiwezekana aliyewahi kukupinga. Najua hilo la mwisho litakukera. Lakini uamuzi wa watatu wasiofanana hautaitwa wa Mheshimiwa Rais.

Moto ukiwaka, aliye macho afanye mambo mawili. Afute ujumbe ulioanzisha. Tangu 2022 admini anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa wote, ila jina la aliyefuta linaonekana, kwa hiyo asifute kimyakimya kama mwizi. Kisha afunge uandishi mpaka asubuhi, na aseme kwa nini na mpaka lini. Kama hivi: "Ndugu zangu, nimeondoa jumbe mbili, moja ya matusi na moja ya siri ya mtu. Nafunga mpaka saa mbili asubuhi tupumzike. Wahusika nitawapigia. Asubuhi tutaendelea." Kosa lako halikuwa kufunga. Ulifunga bila saa ya kufungua, ukafungua na karatasi ya sheria.

Tuje kwenye hizo sheria. Kumi na tisa ni nyingi, hata wewe ukiamshwa usingizini huzitaji. Sheria zenyewe zina kazi, nisieleweke vibaya. Mtafiti J. Nathan Matias aliwahi kulipima hili kwenye kundi la mijadala ya sayansi katika mtandao wa Reddit, wakati huo likiwa na wanachama milioni 13. Baadhi ya mijadala iliwekewa kanuni juu kabisa, mingine haikuwekewa. Palipokuwa na kanuni, wageni walizifuata zaidi kwa asilimia zaidi ya 8, na wageni waliojitokeza kuchangia mazungumzo wakaongezeka kwa wastani wa asilimia 70. Hilo la pili ndilo linalonivutia. Kanuni zilizo wazi ziliwapa wanyonge ujasiri wa kufungua mdomo, kwa sababu waliona pana mwenyewe. Zako zimewafunga mdomo, kwa kuwa karibu zote zinakataza mada.

Mimi ningebakiza chache zinazohusu namna watu wanavyotendeana: usimtukane mtu wala mzazi wake wala kwao, usilete hapa kilichosemwa pembeni, hela za michango ziulizwe kwa mhazini, na jibu litoke ndani ya siku saba, picha za maiti na wagonjwa hazipandishwi. Ziweke kwenye maelezo ya kundi, na mgeni akiingia zisomwe tena kwa ajili yake. Zimetosha.

Simba na Yanga warudishe leo. Nasema hivi nikiwa na upande wangu, ambao sitautaja kwa kuwa gazeti linasomwa na wote. Utani ule ndio uliokuwa unawafanya watu wafungue simu hata pasipo na msiba. Kundi linalozungumza vifo na vitenge tu, nani atalikaa? Utani wa kwetu una heshima yake ya kale. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana tangu enzi za misafara, na mtani anaruhusiwa kufanya vituko hata matangani, watu wakacheka huku wanalia. Lakini mtani anakuona uso. Akiona umeumia anakugusa bega, yanaisha. Kwenye maandishi uso haupo, kwa hiyo weka mpaka mmoja: mchezo utaniwe, kabila na dini ya mtu hapana, na anayesema "hili limenifika" asijibiwe kwa stika. Siku ya mechi ya watani wa jadi mnaweza hata kufungua kundi la siku moja, watu wapigane mapanga ya mdomo huko, kesho yake mnalifuta.

Na michango itengeni na soga. Msiba ukitokea, fungueni kundi la msiba huo, aingie anayetaka, mfiwa asiwekwe humo. Hela zikishafika, mhazini anaweka mapato na matumizi, kosta kiasi gani, sanda kiasi gani, mkononi mwa mfiwa kiasi gani, watu wanasoma siku tatu, kundi linafungwa. Kundi kuu linapata mistari miwili tu ya jumla.

Kuhusu shemeji yako na polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayechapisha uongo akijua ni uongo, na anayemtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumbughudhi au kumtesa moyo. Kwa hiyo wa kwanza kuogopa ni mwandishi mwenyewe, na kaka na rafiki yako wote wawili wana la kufikiri. Habari za watu na shida zao nazo zina sheria yake, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa admini nchi hazifanani. Kenya, kuelekea uchaguzi wa 2017, mamlaka za mawasiliano na za utangamano zilitoa mwongozo unaomtaka msimamizi adhibiti maudhui ya kisiasa kwenye ukurasa wake. India, Mahakama Kuu ya Kerala iliamua 2022 kwamba admini habebi jinai ya kilichobandikwa na mwanachama. Wewe fanya lililo ndani ya uwezo wako: ukiona matusi, vitisho au siri ya mtu, ondoa mara moja, na usiwe wewe unayekifowadi kwingine "ili watu waone". Ukiitwa mahali, tafuta wakili, usimtafute shemeji.

Grupu jipya liache. Usitume mpelelezi, usiombe skrinshoti za wanayokusema, na atakayekuletea mwambie hutaki kuona. Watu wanaweza kuwa kwenye makundi mawili, hakuna talaka hapa. Ukitoa hesabu na ukamrudisha yule kaka, wengine watarudi wenyewe kimyakimya jinsi walivyoondoka. Wasiporudi, mtakutana misibani kama zamani. Kulifunga kabisa hapana. Kundi lililomlipia mtu upasuaji halifungwi kwa sababu ya usiku mmoja.

Mumeo ana haki. Ukishapata wenzako wa uadmini, simu iwe inalala sebuleni.

Amebaki rafiki yako, na hili usilifanye kwa simu. Nenda kwake, kabla hujaandika chochote kundini, asije akasoma pamoja na watu wengine. Atakuuliza uko upande wa nani. Mwambie uko upande wake ndiyo maana umekuja kwa miguu yako, na kwamba unamwomba mambo matatu: amwombe radhi yule kaka kwa ile skrinshoti, akuletee hesabu za misiba yote miwili na risiti zake, na uhazini aukabidhi kwa mtu mwingine, hata hesabu zikiwa safi kabisa. Hilo la tatu atalikataa kwanza. Mweleze kwamba admini na mhazini wakiwa marafiki wa bweni moja, kila shilingi itakayochelewa itakuwa na maneno, na yatakayosemwa yatamfika yeye kabla yako. Akilia, mwache alie. Akikasirika, rudi kesho yake. Lakini hesabu itoke kundini wiki hii, akiwa amekubali au hajakubali.

Mjomba